Kuutayarisha mwili kwa mbio za magari: mwongozo kwa dereva na msoma ramani wa Arusha na Moshi

Mtu anayejiandaa kuingia kwenye mbio za magari kwa mara ya kwanza hapa kwetu humaliza miezi kwa fundi. Shokapu zimebadilishwa, bodi imefungiwa fremu ya mabomba kwa ndani, tairi zimeagizwa Dar es Salaam, na rejeta imezibuliwa mara mbili. Ila ukimwuliza mwili wake ameufanyia nini, atacheka na kukujibu kwamba kuendesha ni kukaa tu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, na kwa ajili ya msoma ramani wake, yule anayekaa kando yake na kumsomea kona zinazokuja, ambaye hupokea mitikisiko ile ile bila hata kuwa na usukani wa kushikilia. Unachukua wiki 12, na vifaa vyake vingi utavipata kwa fundi tairi na jikoni kwako.

Kazi inayokusubiri

Kabla ya kuanza mazoezi ni vizuri kuelewa mwili unadaiwa nini, kwa sababu anayedhani kwamba dereva anahitaji kifua kipana na mikono minene atajenga visivyohitajika na kuacha vinavyohitajika. Katika Formula 1, gari linapofunga breki au linapokata kona ya kasi, dereva husukumwa kwa nguvu inayoweza kufika mara tano ya uzito wake mwenyewe, na ndiyo inayoitwa G tano. Kichwa cha mtu mzima kina takriban kilo tano, na kofia ngumu huongeza kama kilo moja na nusu. Kwa hiyo kwenye kona ya G nne shingo inavutwa upande kwa mzigo wa kilo 26, ambao ni zaidi ya ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Breki za magari hayo hukanyagwa kwa msukumo unaoweza kuzidi kilo 100, tena kona baada ya kona, kwa karibu saa moja na nusu. Magari ya IndyCar ya Marekani hayana pawa kwenye usukani kabisa, na dereva hupambana na tairi kwa mabega na mikono yake mwenyewe.

Barabara zetu za vumbi hazitakupa G tano. Zitakupa mapigo: gari linaruka tuta na kutua, uti wa mgongo unapokea; linaingia kwenye korongo, meno yanagongana; linateleza kushoto huku kichwa kikitaka kubaki kulia, na yote haya yanarudiwa maelfu ya mara kwa siku moja. Wazee wetu waliyajua haya vizuri, kwani mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953, zilikuwa zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa siku kadhaa mfululizo, na Bert Shankland, dereva aliyekuwa na makazi yake hapa Tanzania, alizishinda mara mbili, 1966 na 1967, akiwa na Peugeot 404. Gari lile halikuwa na kasi ya ajabu. Lilihitaji watu wawili wanaoweza kukaa ndani yake mchana na usiku bila kuvurugikiwa.

Kuna jambo la tatu, ambalo wengi hawalitarajii. Mapigo ya moyo ya madereva wakiwa mashindanoni yamepimwa mara nyingi yakiwa kati ya 150 na 180 kwa dakika, sawa na mtu anayekimbia kwa bidii, ingawa miguu yao haiendi popote. Sehemu ya mapigo hayo inatokana na woga na hamasa, sehemu nyingine ni misuli inayokazwa muda mrefu bila kulegezwa, na sehemu kubwa ni joto. Vioo vimefungwa kuzuia vumbi, injini iko mbele ya magoti, dereva amevaa vazi la kuzuia moto lenye tabaka zaidi ya moja, nguo ya ndani ya mikono mirefu, soksi, glavu, na kitambaa cha kufunika kichwa chini ya kofia. Joto ndani ya gari la mbio linaweza kupita nyuzi 50. Mwaka 2023, kwenye mbio za Formula 1 za Qatar zilizofanyika usiku, Esteban Ocon alitapika ndani ya kofia yake, Logan Sargeant aliacha mbio kwa sababu ya hali yake ya afya, na Alex Albon alihitaji matibabu baada ya mbio. Hao ni watu ambao kazi yao ya kila siku ni mazoezi.

Hatua ya kwanza: daktari kabla ya fundi

Nenda hospitali kabla ya wiki ya kwanza. Omba upimwe shinikizo la damu, moyo, sukari na macho, na umweleze daktari waziwazi kwamba unakwenda kukaa kwenye joto kali huku moyo ukienda mbio, maana ukisema tu kwamba unataka cheti, utapewa cheti. Mwenye maumivu ya zamani ya mgongo au shingo ayataje. Mwenye selimundu, hata yule aliyerithi kinasaba kimoja tu na ambaye hajawahi kuumwa, amweleze daktari pia, kwa kuwa kazi nzito kwenye joto na upungufu wa maji inaweza kumletea hatari ambayo mwenzake hana.

Hatua ya pili: pumzi, wiki ya kwanza hadi ya nne

Hapa hapahitaji maneno mengi. Kimbia au endesha baiskeli mara nne kwa wiki, dakika 40 kila mara, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza. Wa Moshi wana kivuli cha msitu wa Rau na miinuko ya kuelekea Machame. Wa Arusha, mji ulio karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, watafanya mazoezi kwenye hewa nyepesi kidogo bila gharama yoyote. Kuanzia wiki ya tatu, safari moja kati ya hizo nne iwe ya kupanda mlima kwa dakika tatu kwa nguvu na kushuka taratibu, mara sita. Moyo wa dereva haupandi polepole kama wa mkimbiaji wa marathoni. Unapanda ghafla pale gari linapopishana na gema, na lazima ujifunze kushuka haraka.

Hatua ya tatu: shingo

Hii ndiyo sehemu ambayo ningemwomba msomaji asiiruke hata akiruka nyingine zote. Shingo hujengeka polepole, huumia upesi, na hakuna kazi ya kawaida ya kila siku inayoiandaa kwa mvuto wa upande.

Wiki mbili za kwanza tumia kiganja chako peke yake. Kaa wima kwenye kiti, weka kiganja kwenye paji la uso, sukuma kichwa mbele huku kiganja kikikataa, na kichwa kisisogee hata kidogo. Hesabu sekunde kumi, pumzika kumi. Fanya hivyo mbele, nyuma, kulia na kushoto, mara tano kila upande, siku tatu kwa wiki, ukitumia nusu tu ya nguvu zako. Itaonekana kazi ya kitoto mpaka asubuhi inayofuata.

Kuanzia wiki ya tatu nenda kwa fundi tairi yeyote, ukamwombe mpira wa ndani wa tairi uliochakaa, kisha ukate ukanda wenye upana wa vidole vitatu na urefu wa kama mita moja na nusu. Funga ncha moja kwenye nguzo, kwa usawa wa sikio lako ukiwa umekaa, na ncha nyingine izungushe kwenye paji la uso juu ya kitambaa kilichokunjwa, kwa sababu mpira mtupu unang'oa nywele na kuchubua ngozi. Kaa ubavu kwa nguzo. Sasa sogeza kiti inchi chache kwa wakati, ukienda mbali na nguzo, hadi usikie mpira unakuvuta, na ukishafika hapo usifanye chochote zaidi ya kukataa kuinama. Macho yatazame mbele, kidevu kiwe sawa na sakafu, meno yasikazwe. Sekunde 20 zinatosha mwanzoni. Wiki ya nane ziwe 45. Kisha geuza kiti na ufanye upande wa pili, halafu ukiipa nguzo uso, halafu ukiipa kisogo.

Wiki ya tisa vaa kofia ngumu utakayoshindania na ufunge mpira juu yake. Utaona mara moja kwamba uzito wa kofia unabadilisha zoezi zima, na kama utakuwa unanunua kofia, utaelewa kwa nini iliyo nyepesi huuzwa ghali. Mvutaji sasa awe mwenzako anayeshika mpira kwa mkono na kuuvuta kwa mpigo usiotabirika, kulia, nyuma, kulia tena, huku wewe ukiendelea kusoma kwa sauti maandishi yaliyobandikwa ukutani. Upande usiutarajie, lakini mwambie kila mvuto auanze taratibu, bila kishindo. Usizungushe shingo ikiwa na mzigo hata siku moja, na ukisikia maumivu yanayoteremka hadi begani au ganzi kwenye vidole, acha siku hiyo hiyo na urudi kwa daktari.

Kuna anayesema kwamba kifaa cha HANS, ile kola ngumu inayokaa mabegani na kufungwa kwenye kofia kwa mikanda, kinaondoa haja ya mazoezi haya. Kifaa hicho, ambacho Formula 1 ilikifanya cha lazima mwaka 2003, kinazuia kichwa kisirushwe mbele gari linapogonga. Hakikusaidii kukibeba kichwa kwenye kilomita 20 za makorongo. Vaa kifaa na ufanye mazoezi.

Hatua ya nne: kiwiliwili, mikono, na pumzi iliyozuiwa

Mara tatu kwa wiki, kaa kwenye viwiko na ncha za vidole vya miguu, mwili ukiwa umenyooka kama ubao, kwa dakika moja mara tatu; fanya pia ubavu kulia na kushoto. Kwa mikono, shika usukani mkuukuu au sufuria yenye kilo tano za mchanga, nyoosha mikono mbele ya kifua na uuzungushe kushoto na kulia kama anayekata kona, dakika mbili bila kushusha. Kwa mguu wa breki, simama kwa mguu mmoja na uchuchumae taratibu, mara 12. Nguvu nyingi za mkono hazitakiwi, na ushahidi ninaopenda kuutoa ni wa Mfaransa Michèle Mouton, mwanamke aliyeshinda mbio nne za ubingwa wa dunia wa rali mwaka 1981 na 1982, na ambaye mwaka 1982 alimaliza wa pili duniani.

Kinachowaangusha wengi hapa ni pumzi. Dereva mgeni akiingia kwenye kona ngumu huizuia bila kujua, akikaza tumbo, taya na viganja kwa pamoja. Akipita kona tano za mfuatano atakuwa amekaa nusu dakika bila kupumua vizuri, na mikono imekufa ganzi kwa kuubana usukani. Dawa yake ni ndogo. Ukiwa kwenye zoezi la ubao, hesabu kwa sauti. Ukiwa unazungusha usukani wa mchanga, toa pumzi kila unapogeuza. Ndani ya gari, kila barabara inaponyooka, legeza vidole kimoja kimoja bila kuuachia usukani, na uteremshe mabega.

Kiti nacho kinahusika. Mgongo ukiwa umegusa kiti chote na mikanda imefungwa, kifundo cha mkono kiweze kukaa juu kabisa ya usukani bila bega kuachana na kiti, na breki ikanyagwe mpaka mwisho huku goti likiwa bado limekunjika kidogo. Anayekaa mbali atamaliza siku akiwa na maumivu ya kiuno, kisha amlaumu fundi wa shokapu.

Hatua ya tano: joto

Mara ya kwanza nilipokaa kiti cha msoma ramani, tulikuwa kwenye tambarare za upande wa Monduli, mwezi wa pili, jua la saa saba. Asubuhi nilikunywa chai ya rangi na andazi moja, na maji niliyaacha makusudi, ili nisisumbuliwe na haja ndogo njiani. Kwenye kipande cha tatu cha mbio nilisoma kwa sauti ya kujiamini, “kushoto tatu, inabana,” yaani kona ya kushoto ya daraja la tatu inayozidi kubana, ilhali mbele yetu barabara ilikuwa inakata kulia. Vidole vyangu vilikuwa vimelowa jasho kiasi kwamba kurasa mbili za daftari zilishikana, nami nilizifunua kwa pamoja na kuendelea kusoma bila kushtuka kwamba mstari wa mwisho na mstari mpya havikuungana. Dereva aliyaamini macho yake kuliko mdomo wangu, na kwa hiyo tuliishia kwenye mtaro badala ya kupinduka. Mikono yangu haikuwa imechoka hata kidogo. Nilichokuwa nimepoteza ni uwezo wa kugundua kwamba nimekosea.

Anza kwa kujua jasho lako. Jipime uzito ukiwa huna nguo, kojoa kwanza, fanya mazoezi saa moja mchana ukiwa umevaa nguo nzito, jifute, jipime tena. Tuseme ulikuwa kilo 74.0, umerudi 72.8, na katikati ulikunywa nusu lita: umetoa jasho la lita 1.7. Kwa mtu wa kilo 74, upungufu wa lita moja na nusu ni asilimia mbili ya mwili wake, na kuanzia kiwango hicho utendaji huanza kushuka. Andika namba yako kwenye daftari, kwa sababu ya mwenzako haitakufaa.

Halafu uzoeshe mwili. Katika wiki ya 10 na ya 11, kwa siku 10 hadi 14 mfululizo, fanya mazoezi ya wastani kwa saa moja kwenye joto. Mwili utajifunza kutoa jasho mapema zaidi na lenye chumvi kidogo, maji ya damu yataongezeka, na mapigo ya moyo yatakuwa ya chini kwa kazi ile ile. Faida hii hupotea ndani ya wiki chache, kwa hiyo kuitafuta mapema ni kazi bure. Kwa hili Moshi imebarikiwa kuliko Arusha, hasa kati ya Januari na Machi. Mkazi wa Arusha anayejiandaa mwezi wa sita au wa saba, wakati wa baridi, itambidi avae sweta na koti, au ashuke Moshi mara chache kwa wiki. Usijifunge nailoni mwilini kama wafanyavyo baadhi ya mabondia, na usifanye zoezi hili ukiwa peke yako.

Kinywaji cha kutumia hakihitaji duka kubwa. Chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu ukipenda ladha. Kunywa glasi moja kila baada ya dakika 15 hadi 20 unapokuwa kwenye joto, usizidishe kiasi ulichopima kama jasho lako, kwa kuwa maji mengi mno yasiyo na chumvi nayo yana madhara makubwa.

Yule mnayefanya naye mazoezi afahamu dalili. Kizunguzungu, kichefuchefu na mikakamao ya misuli maana yake acha, kaa kivulini, kunywa. Mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kuyumba au kugombana bila sababu, hiyo ni dharura: avuliwe vazi lote, amwagiwe maji mengi, apepewe, awekwe barafu au vitambaa vya baridi kwapani na kwenye kinena, kisha apelekwe hospitali huku kupozwa kukiendelea. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Hatua ya sita: kwa msoma ramani

Panda Coaster ya Arusha kwenda Moshi, kaa kiti cha nyuma kabisa, na usome kurasa zilizoandikwa kwa mkono kutoka Tengeru hadi Boma Ng'ombe, ukiinua macho barabarani kila baada ya mstari mmoja na kuyarudisha pale pale. Ukijisikia kutapika, funga daftari, tazama upeo wa macho, na kesho ongeza dakika tano. Tumbo huzoea. Abiria watakutazama, wazoee nao. Mazoezi ya kasi, kwa upande mwingine, yasifanyike kamwe kwenye barabara ya umma iliyo wazi.

Hatua ya saba: wiki ya mwisho na siku yenyewe

Punguza mazoezi kwa nusu, na siku mbili za mwisho usiguse mpira wa shingo. Lala mapema kuanzia usiku wa tatu kabla ya mbio, maana usiku wa mwisho wengi hawapati usingizi. Kula chakula ulichokizoea: mtori, wali, makande kwa aliye na tumbo tulivu, lakini yasiwe ya asubuhi hiyo. Ukialikwa Uru au Kibosho usiku wa kuamkia mbio na ukapewa mbege, pokea kwa heshima na umkabidhi mjomba.

Kunywa nusu lita saa mbili kabla ya kuanza, ili uwe na muda wa kwenda chooni. Mkojo uwe wa manjano hafifu. Vazi la kuzuia moto livae mwishoni kabisa, na kati ya vipande lifungue hadi kiunoni na ulowanishe kisogo kwa kitambaa cha maji. Kwenye eneo la huduma, mpe mtu mmoja kazi ya kukunywesha na kukulisha ndizi, asiyeruhusiwa kushika spana, kwa sababu mwenye spana atasahau.

Baada ya mbio jipime uzito, na kwa kila kilo iliyopungua kunywa lita moja na nusu, kidogo kidogo hadi usiku, pamoja na chakula chenye chumvi. Gari la kurudi nyumbani liendeshwe na mtu ambaye hakushindana. Siku mbili zinazofuata tembea tu. Ya tatu, weka kiganja kwenye paji la uso na uhesabu sekunde kumi, bila mpira.